MWANAMFALME ASIYE NA KITI

Mpenzi msomaji, ukisikia neno mwanamfalme moyo wako hukimbilia wapi? Wengi wetu twafikiria taji la dhahabu, farasi mweupe, watumishi kumi wa kumvua bwana viatu na pilau isiyokwisha sahanini. Ndivyo hadithi zilivyotufunza tangu utotoni. Leo lakini nataka niwaelezee habari za mtu wa kweli, si wa hadithini, ambaye kama mambo yangeendelea yalivyoendelea kwa miaka zaidi ya mia saba, basi angekuwa mfalme. Hakuwa. Badala ya kiti cha enzi, akiwa na umri wa miaka 11 tu alipata kifungo. Jina lake ni Franz wa Bavaria, Mjerumani, aliyezaliwa mjini Munich tarehe 14 Julai 1933.

Nimemchagua huyu kwa sababu moja. Katika chama chetu hatuchoki kubishana kama mtu ni jina lake ama ni kazi yake. Kuna wale husema ukizaliwa kwa mkubwa umeshafika, na ukizaliwa kwa mama muuza sukumawiki, pole yako, ndio basi tena. Maisha ya Franz yanaweza kutusaidia kuupima ubishi huo, maana jina lake lilimtendea yote mawili: lilimtia taabuni na pia lilimfungulia milango. Haya basi, tuanze mwanzo.

UKOO WENYEWE

Bavaria iko kusini mwa Ujerumani, upande wa milima ya Alpi, na mji wake mkuu ni Munich. Siku hizi ni jimbo moja kati ya majimbo 16 ya Ujerumani, lakini zamani ilikuwa nchi kamili yenye jeshi lake na fedha zake. Mwaka 1180 Kaisari Friedrich Barbarossa alimkabidhi Bavaria mtu mmoja aliyeitwa Otto, wa ukoo wa Wittelsbach. Tangu siku hiyo ukoo huo haukubanduka. Baba alimwachia mwana, ama kaka akamwachia ndugu, hadi mwaka 1918. Piga hesabu mwenyewe: ni miaka 738!

Mwanzoni wakubwa hao waliitwa Herzog, neno la Kijerumani la mtawala aliye chini ya mfalme. Mwaka 1806 wakapanda cheo wakawa wafalme kamili. Wawili kati yao wanajulikana hata na watu wasiojua habari za Bavaria. Wa kwanza ni Ludwig wa Kwanza. Alipomwoa Therese mwaka 1810, kabla hajawa mfalme, watu wa Munich walifanyiwa karamu na mbio za farasi katika uwanja mmoja nje ya mji. Uwanja ukaitwa Theresienwiese, yaani uwanja wa Therese, na sherehe ile ikawa ndiyo Oktoberfest inayofanyika hadi leo. Tafadhali uweke uwanja huo akilini, tutaurudia.

Wa pili ni Ludwig wa Pili, aliyependa majumba kuliko kazi ya utawala. Mwaka 1869 alianza kujenga ngome ya Neuschwanstein juu ya jabali, ile nyeupe yenye minara myembamba inayoonekana kwenye kalenda. Alijenga na kujenga hadi madeni yakamfika shingoni. Mwaka 1886 mawaziri wake wakatangaza kwamba ana wazimu, akaondolewa mamlakani, na siku chache baadaye maiti yake ikaokotwa ziwani. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mpanda ngazi hushuka.

KITI KILIVYOPOTEA

Babu mzaa babu wa Franz wetu, Ludwig wa Tatu, ndiye mfalme wa mwisho. Alikalia kiti mwaka 1913, na mwaka uliofuata Vita Kuu vya Kwanza vikaanza. Miaka minne watu wa Bavaria waliwatoa vijana wao wakauawe, na nyumbani chakula kikawa haba. Njaa, mpenzi msomaji, haijui mfalme wala mtumwa. Kufikia mwezi wa Novemba 1918 raia walikuwa wamechoka na askari wamechoka zaidi.

Tarehe 7 Novemba 1918 maelfu ya watu walikusanyika kudai amani. Walikusanyikia wapi? Pale pale Theresienwiese, uwanja uliopewa jina la bibi yake Ludwig wa Tatu kwa ajili ya harusi yake! Kutoka hapo kundi moja likiongozwa na mwanahabari Kurt Eisner likaingia mjini na kuwavuta askari kambini, na usiku huo huo Bavaria ikatangazwa kuwa jamhuri. Mzee Ludwig, mkewe mgonjwa na binti zake wakaondoka gizani kwa gari. Hakuna risasi iliyopigwa kumtetea. Miaka 738 ikaisha kwa usiku mmoja.

Wala si Bavaria peke yake. Siku mbili baadaye Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye askari wake walikuwa bado wanapigana na Waingereza huku Afrika ya Mashariki, naye akapoteza kiti chake na kukimbilia Uholanzi. Ndani ya mwezi huo watawala wa kurithi zaidi ya ishirini, wakubwa kwa wadogo, walivuliwa madaraka kote Ujerumani.

Mwaka 1919 Ujerumani ikaandika katiba mpya iliyofuta haki zote za pekee za makabaila. Je, vyeo vyao vilienda wapi? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Vyeo havikuchomwa moto, viligeuzwa kuwa sehemu ya jina la ukoo. Kwa hivyo katika hati zake Franz ni Herzog von Bayern vile vile jinsi mwenzako darasani anavyoitwa kwa jina la baba yake. Si amri, ni jina. Hawezi kumtoza mtu kodi wala kumfunga mtu hata saa moja.

JINA LILIPOGEUKA KOSA

Sasa tufike pale panaponichoma roho. Babu yake Franz, Rupprecht, mwana wa yule mfalme wa mwisho, alikuwa jemadari mkuu vitani na watu wengi wa Bavaria walimpenda. Mwaka 1923 Hitler alipojaribu kunyakua serikali mjini Munich, Rupprecht hakumuunga mkono. Mwanzo wa mwaka 1933 hata wako waliotaka Rupprecht apewe uongozi wa Bavaria ili Hitler azuiwe. Mpango haukufua dafu. Hitler alishika nchi yote, naye hakuwa mtu wa kusahau.

Mwezi wa Machi mwaka huo Wanazi walifungua kambi ya mateso mahali paitwapo Dachau, karibu na Munich. Miezi minne baadaye Franz akazaliwa. Mtoto na kambi ni umri mmoja.

Baba yake, Albrecht, alikataa kujiunga na chama cha Nazi. Babu akahamia Italia, naye Albrecht akawachukua mkewe na watoto wake wanne wakaenda kuishi Hungaria. Huko walikaa kimya. Lakini mwezi wa Machi 1944 majeshi ya Hitler yakaivamia Hungaria, na mwezi wa Oktoba mwaka huo familia nzima ikakamatwa. Dada zake Franz, mapacha, walikuwa na miaka 13. Franz alikuwa na 11. Mdogo wao Max alikuwa na 7, umri wa mtoto wa darasa la kwanza ama la pili! Kosa lao lilikuwa nini? Kwani mtoto wa miaka saba huasi serikali? Kosa lao lilikuwa jina.

Walipelekwa kwanza Sachsenhausen karibu na Berlin, kisha Flossenbürg, na hatimaye Dachau. Kambi hizo mbili za mwisho zimo ndani ya Bavaria yenyewe, nchi ya mababu zao. Tena katika mji wa Dachau kuna kasri la kale ambamo wakubwa wa Wittelsbach walikuwa wakipumzika wakati wa joto. Wajukuu walirudi mahali pale pale wakiwa wafungwa. Mwishoni mwa Aprili 1945 wanajeshi wa Marekani wakawakomboa. Mke wa pili wa babu yao, Antonia, naye alipitishwa kambini. Alitoka akiwa mgonjwa sana, akaapa hatakanyaga tena Ujerumani, na akafariki mwaka 1954 huko Uswisi.

Hapa lakini ni lazima nieleze kitu kingine, maana mgala muue na haki yake mpe. Familia hii iliwekwa kama wafungwa wa pekee, mbali na wafungwa wengine, wazazi pamoja na watoto wao. Wote sita walitoka hai. Katika kambi hiyo ya Dachau watu zaidi ya 40,000 walikufa kati ya mwaka 1933 na 1945: Wayahudi, Wapolandi, Warusi, makasisi, na Wajerumani waliompinga Hitler. Wengi wao hawakuwa na jina la kifalme, na hakuna aliyewatengea chumba. Basi jina lile lililomtia Franz kifungoni, naona ndilo pia lililomweka upande wenye nafuu wa kifungo hicho. Tukisema jina halina maana tutakuwa tunadanganya. Tukisema lilimwokoa pia hatujasema kweli yote, kwa sababu bila hilo jina asingekamatwa.

ANAKULA WAPI?

Najua kuna mmoja wenu ameshauliza swali hili moyoni: mtu asiye na kiti anakula wapi? Jibu linatokana na mapatano ya mwaka 1923. Ukoo ulikuwa na majumba, misitu, na picha na sanamu zisizohesabika, na haikuwa rahisi kujua ni kipi mali ya mfalme na ni kipi mali ya nchi. Wakakubaliana hivi. Sehemu kubwa, pamoja na Neuschwanstein na kasri la Nymphenburg, ikawa ya serikali. Sehemu nyingine ikatiwa katika mfuko maalumu, na faida ya mfuko huo ndiyo huutunza ukoo mpaka leo. Nymphenburg lenyewe ni mali ya umma, na mgeni hulipa kiingilio kwa serikali, lakini mkuu wa ukoo ana haki ya kukaa katika sehemu yake. Hapo ndipo Franz alipofanya makao yake.

Je, hiyo ni haki? Upande mmoja unasema ukoo ulitoa mali nyingi kwa amani, hivyo kuachiwa kidogo si dhambi. Upande wa pili unasema mali ile ilitoka jasho la mkulima aliyelipa kodi miaka mia saba, na mkulima yule hakuwekewa mfuko wowote. Mimi binafsi nauegemea upande wa mkulima, ingawa nakubali kwamba kuandikiana mkataba kuliwaepusha watu na umwagaji wa damu. Wewe je?

ALICHOFANYA NA MAISHA YAKE

Baada ya vita Franz alisoma katika shule ya watawa huko Ettal, kisha akasomea mambo ya biashara katika vyuo vya Munich na Zurich. Mwaka 1949 babu yake aliitambua rasmi ndoa ya wazazi wake kuwa ndoa ya kifalme, kwa maana mamake alitoka katika ukoo wa makabaila wa Kroatia ambao kwa sheria za kale haukuhesabiwa kuwa sawa na Wittelsbach. Tazama vichekesho vya dunia: mtoto alifungwa kwa kuwa wa ukoo wa mfalme, halafu miaka mitano baadaye ndipo wazee wa ukoo wakamhesabu rasmi kuwa mmoja wao! Babu alifariki mwaka 1955, na Albrecht mwaka 1996 akiwa na miaka 91. Hapo Franz akawa mkuu wa ukoo.

Angeweza kutumia miaka yake akilia na kudai kiti. Tena si kiti kimoja. Kwa kufuata nasaba ya mkewe Ludwig wa Tatu hadi kwa wafalme wa kale wa Kistuart, wako watu wachache Uingereza na Scotland wanaoshikilia kwamba Franz ndiye mfalme wao wa haki! Yeye hakuwahi kudai hata siku moja.

Alichochagua ni sanaa. Tangu ujana wake alianza kununua picha za wachoraji wa wakati wake, watu kama Joseph Beuys, Georg Baselitz, Sigmar Polke na Blinky Palermo, wakati ambapo wengi hawakuona thamani yake. Usidhani ni mchezo wa tajiri asiye na kazi. Mwaka 1937 Wanazi waliweka maonyesho mjini Munich, wakatundika picha za kisasa ukutani ili watu wazicheke, wakisema ni sanaa iliyooza. Walizinyang'anya makumbusho maelfu ya picha za namna hiyo. Kwa hiyo mtu aliyetoka kambi za Wanazi akaanza kukusanya sanaa ya kisasa katika mji ule ule, naona alikuwa anajibu jambo bila kupaza sauti. Kisha hakuzifungia chumbani. Picha nyingi za mkusanyo wake zikaingia katika makumbusho za umma, na tangu mwaka 2002 makumbusho ya Pinakothek der Moderne huko Munich huzionyesha kwa yeyote anayelipa kiingilio, mtoto wa mwashi akiwemo.

Mwaka 2023, alipotimiza miaka 90, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Mtazamaji wa Safu ya Mbele". Nalipenda jina hilo. Mababu zake walikuwa jukwaani. Yeye alipewa kiti kizuri cha kutazamia, akakubali kuwa ni cha kutazamia tu.

NA HUKU KWETU JE?

Pengine unasema, haya ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Ngoja kwanza. Franz hakupata mtoto, na mdogo wake Max alijaliwa mabinti watano. Kwa desturi ya ukoo, uongozi hupita kwa wanaume, hivyo macho yakaelekea tawi lingine, kwa kijana Ludwig, mwana wa Luitpold, aliyezaliwa mwaka 1982. Huyu Ludwig alikuja Kenya, tena si Maasai Mara kupiga simba picha. Alikwenda Turkana, akashiriki kuanzisha mradi wa Learning Lions, unaowafundisha vijana wa huko kazi za kompyuta ili wajitafutie riziki. Mwaka 2021 majengo ya chuo chao yalikamilika kando ya Ziwa Turkana. Yalichorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker ya usanifu wa majengo, mwaka 2022. Majengo yana minara mirefu kama vichuguu vya mchwa. Hewa ya joto hupandia humo na kutoka juu, na ile baridi huingilia chini, hivyo vyumba na kompyuta hupoa bila mashine kubwa.

Kuchangia mradi huo huko kwao, Ludwig na wenziwe hutembea kilomita 100 kwa miguu hadi Hohenschwangau, chini ya ile ngome ya Ludwig wa Pili. Nasi wanafunzi wa kutwa tunaojua kutembea tunamwambia pole, lakini hongera!

Sisemi haya ili tupige magoti kumshukuru mwana wa mfalme. Kijana wa Turkana akiifahamu kompyuta, kichwa ni chake na vidole ni vyake. Ninachosema ni kwamba jina kubwa lilifungua mlango wa wachangiaji, na kijana mwenye jina dogo akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo matumizi bora ya jina ambayo mimi nimeyaona katika habari hii yote.

Basi turudi kwenye ubishi wetu wa chama. Naona jina la kurithi ni kama sweta ya shule uliyoachiwa na kaka yako. Hukuichagua. Huenda ikakubana mabegani, huenda ikakupwaya, na kama kaka alikuwa mtundu mwalimu atakutazama kwa jicho baya kabla hujafungua mdomo. Lakini sweta haiwezi kukufanyia hesabu. Franz alivaa sweta nzito kuliko zote, ikamfikisha Dachau, ikampa pia nyumba ya kukaa. Hata hivyo picha zilizo ukutani pale Munich hazikuwekwa na sweta. Zilitafutwa na mtu, moja baada ya moja, kwa macho yake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe unayesema kwenu hakuna jina, na wewe unayetamba kwa jina la baba, nawaachia swali hili tulijadili kwenye mkutano ujao wa chama: lile jina mkilivua na kulitundika msumarini, nani atabaki amesimama?

Mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.